Vyeti viko kwa Mkurugenzi

Mwalimu wa shule binafsi ya bweni akiacha kazi hahami ofisi peke yake, anahama na nyumba. Nilikuwa nikikaa ndani ya uzio wa shule huko Kibaha, kwenye nyumba za walimu nyuma ya bwalo, na mpaka naandika barua ya kuacha kazi niende kufundisha serikalini, mali yangu ilikuwa imesambaa kila kona. Godoro, mtungi wa gesi, feni na meza vilikuwa nyumbani. Vitabu vya Kemia na Baiolojia vilikuwa ofisi ya walimu, vimechanganyika na vya shule. Koti jeupe lilikuwa maabara. Flashi yenye kazi zangu zote ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ya mwalimu wa taaluma. Kuku walikuwa nyuma ya jiko. Na vyeti vyangu halisi, kuanzia cha kidato cha nne hadi cha chuo kikuu, vilikuwa kwenye kabati la chuma ofisini kwa Mkurugenzi, yaani mwenye shule.

Ambaye hajapita shule binafsi, hilo la mwisho humwia gumu kuliamini. Wenzangu wanalijua. Ukiajiriwa unaambiwa ulete vyeti vihakikiwe. Unapeleka nakala zilizogongwa muhuri wa mwanasheria, sekretari anazipokea, anaziweka pembeni, kisha anaendelea kunyoosha mkono. "Na orijino, Madam." Unatoa. Hupewi risiti, hakuna anayekuambia vinarudi lini, na wewe huulizi kwa sababu ndiyo kwanza umepata kazi na kodi ya chumba Mbezi imekuchosha. Si shule zote zenye tabia hii. Nimefanya kazi na watu waliotoka kwenye shule ambazo hata kuigusa orijino hawataki. Ila zipo za kutosha, kiasi kwamba walimu tukikutana, baada ya salamu na habari za mshahara, swali linalofuata ni "vyako viko wapi?" Dada zetu waliokwenda kufanya kazi za ndani Muscat wanaijua habari hii kwa upande wa pasipoti.

Nisimtendee Mkurugenzi isivyo haki, maana hofu yake ni ya kweli. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Mwalimu wa Kemia akiondoka Septemba, pengo lake halizibwi kwa wiki moja, na mzazi aliyelipa ada hataki kusikia habari za mwalimu, anataka matokeo. Serikali nayo ikitoa ajira haiangalii muhula wa mtu. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa ya shule za serikali yalifurika, na walimu wa sayansi wakawa wanatafutwa kwa tochi. Majina ya walimu walioajiriwa yakitangazwa usiku, asubuhi ofisi ya walimu ya shule binafsi ina viti vitupu. Mkurugenzi wetu alishapoteza walimu kwa mtindo huo, na wapo ambao hata kuaga hawakuaga. Mmoja aliacha madaftari ya wanafunzi mezani, nusu yamesahihishwa, simu ikazimwa. Basi mzee akaziba pale alipoona panavuja. Akiwa na vyeti vyako, lazima utaaga.

Tatizo liko kwenye hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inamtaka mtu anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28. Barua ya kupangiwa kituo cha kazi serikalini hukutaka uripoti ndani ya siku 14, ukiwa na vyeti halisi mkononi. Hakuna mwalimu anayeweza kuzitii karatasi hizo mbili kwa pamoja, labda awe aliijua siku ya majina kutoka kabla ya waziri mwenyewe. Ndiyo maana karibu kila anayetoka shule binafsi kwenda serikalini hutoka na doa. Mwajiri analiona doa hilo, na wewe unajua kwamba analiona, na hapo ndipo vitu vyako vinapogeuka rehani.

Lakini sheria haikuliacha jambo hili hewani. Kifungu kilekile kinasema mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata kwenye malipo yake ya mwisho kile ambacho angelipwa kwa siku hizo. Pesa, basi. Deni la notisi linalipwa kwa pesa, halilipwi kwa cheti cha kidato cha nne wala kwa godoro la mtu. Nilikisoma kifungu hicho kwenye simu, usiku, ndani ya chandarua, na kesho yake nikakinakili kwenye daftari kwa mwandiko ambao maandalio yangu ya somo hayajawahi kuupata.

Kuna atakayesema: si uende na nakala, utapeleka orijino baadaye? Huyo hakuwepo kwenye uhakiki. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya kwa muda ikichambua watumishi wake, na tarehe 28 Aprili 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli akapokea ripoti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tangu hapo afisa utumishi wa halmashauri hataki mchezo. Mtu mwenye nakala tupu anaanza kutazamwa kama wale waliotajwa kwenye ripoti. Sijui kama Mkurugenzi alilitafakari hili, lakini uhakiki ule ulilipandisha bei kabati lake la chuma. Kabla ya hapo cheti kilikuwa kumbukumbu. Baada ya hapo kikawa ndiyo kazi yenyewe. Na kukipata kingine kutoka Baraza la Mitihani huanzia kituo cha polisi, kutoa taarifa kwamba cha kwanza kimepotea. Sasa utaenda kuandikisha kimepotea wakati unajua kiko rafu ya pili, chini ya kadi ya basi la shule?

Wakongwe wana njia zao. Unamwendea sekretari unamwambia benki inataka kuona vyeti kwa ajili ya mkopo, au umepata nafasi ya kujiendeleza masomo ya jioni. Mimi vyangu nilivitoa hivyo wakati wa usaili wa serikalini, kwa jina la mkopo, na nikasaini kwenye daftari kwamba vinarudi Jumatatu. Kwa nini nilivirudisha? Kwa sababu mshahara wa mwezi ule ulikuwa haujaingia, na kila mtu pale alijua kuwa asiyerudisha vyeti, mshahara wake "una tatizo la kibenki". Mfumo ule ulikuwa umekamilika kuliko ratiba ya vipindi.

Majina yakatoka. Nikaandika barua kwa taratibu zetu zote, "Husika na kichwa cha habari hapo juu", nikaipitisha kwa mkuu wa shule, nikaitwa kwa Mkurugenzi.

"Shikamoo Mkurugenzi."

"Marahaba mwanangu, kaa." Aliisoma barua taratibu kama hajawahi kuona nyingine ya aina hiyo. "Hongera sana. Sasa maliza notisi yako vizuri, watoto wamalize silabasi, tukuage kwa heshima, tukupe na vitu vyako."

"Mzee, serikali hainisubiri. Nina wiki mbili."

"Na mimi je, nisubiri nani?"

Swali lake lilinikaa, nakiri, kwa kuwa kidato cha nne walikuwa wamebakiza mada ya kemia ogania na mimi ndiye niliyewaahidi kuimaliza. Nikamwambia nitawafundisha jioni na Jumamosi mpaka siku ya kuondoka, nao wakaja, hata wa mchepuo wa biashara wakaja. Vyeti havikutoka.

Barua ya pili ndiyo iliyofanya kazi. Nayo haikuwa na jipya: nilirudia kwamba nakubali kukatwa siku za notisi nisizozifanyia kazi, kwa mujibu wa kifungu cha 41, na kwamba naomba vyeti vyangu vitano vilivyoko ofisini kwake, nikavitaja kimoja kimoja kwa namba. Kisha chini kabisa, upande wa kushoto, nikaandika neno "Nakala" na nukta mbili, nikamtaja Afisa Kazi wa mkoa, nikamtaja Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Wala nakala zenyewe nilikuwa sijazipeleka popote. Zilikuwa kwenye mkoba. Lakini mwenye shule anaweza kumdharau mwalimu, anaweza hata kumdharau mwanasheria, ila Afisa Elimu anayekagua usajili wa shule na vyoo vya wanafunzi hawezi kumdharau. Barua za nchi hii husomwa kuanzia chini.

Asubuhi yake sekretari akaniita dirishani, akanipa bahasha ya kaki bila kuniangalia usoni. Nikavikagua hapohapo, jina, namba ya mtihani, mwaka. Vilikuwa vyote. Cha kidato cha sita kilikuwa kimetobolewa matundu mawili kwa panchi ili kikae kwenye faili. Afisa utumishi wa Kilwa, nilikopangiwa, aliniuliza juu ya matundu hayo, nikamweleza, akacheka, akasema mimi si wa kwanza.

Nilipokwisha kuvipata, sikungoja kitu kingine. Nilifanya makabidhiano kwa haraka, nikafunga begi moja la nguo, nikapanda basi la kusini. Vingine nilivisukumia kwenye kona moja ya chumba, nikaandika orodha kwenye karatasi mbili, moja nikaibandika ukutani na nyingine nikaondoka nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofundishwa, na mama yangu alikuwa akiutamka msemo huo kila alipokopesha sufuria.

Makabidhiano yenyewe yanastahili neno moja. Ile fomu ina nafasi za saini za watu wengi kuliko hati ya kiwanja: taaluma, maktaba, maabara, stoo, bweni, uhasibu. Kote walisaini isipokuwa maabara, ambako mhasibu alikuwa na orodha ya byureti, ile mirija ya kioo ya kupimia kemikali, zilizovunjika akitaka zikatwe kwenye malipo yangu. Byureti huvunjwa na wanafunzi wa kidato cha tatu, hilo halina mjadala, na lipo kwenye daftari la maabara kwa tarehe na majina. Kifungu cha 28 hakimruhusu mwajiri kumkata mtu kwa hasara mpaka iwe imetokana na kosa lake, aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Nilimwomba anipe hayo maandishi. Hakuyaandika. Ninavyowafahamu wahasibu, kazi ikihitaji kuandikwa husamehewa.

Kuhusu flashi, mwalimu wa taaluma alikuwa na msimamo kwamba kila kilichomo ni cha shule. Tulikubaliana nusu kwa nusu, na naona ilikuwa sawa. Mitihani ya ndani nimeitunga kwenye saa nilizolipwa, kwa ajili ya wanafunzi wale, ibaki. Nukuu zangu za kufundishia nilizianza chuoni, nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, kabla sijajua Kibaha iko upande gani; zile nimeondoka nazo. Kulikuwa pia na picha za harusi ya dada yangu. Hizo hakuna aliyezigombania.

Niliporudi kuchukua vitu vilivyobaki nilikuja na kirikuu ya kukodi kutoka Mbezi, dereva akiwa na haraka kwa sababu alikuwa na mzigo mwingine wa matofali. Getini, Babu mlinzi aliyekuwa akinifungulia kila siku ya Mungu akasimama mbele ya gari.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba Madam, karibu. Habari za Kilwa?" Tukasalimiana mpaka kwa wajukuu. "Gari liingie, Madam, ila kutoka na vitu ni lazima uwe na barua."

Barua inatoka kwa Makamu Mkuu wa Shule. Makamu yuko darasani. Nikakaa kwenye benchi la wageni nilikozoea kuona wazazi wakisubiri, nikatambua kuwa benchi lile halina kivuli baada ya saa sita. Miaka yote ile sikuwahi kulikalia. Lakini sikumlaumu Babu, wala hata sasa simlaumu. Mlinzi anayemruhusu mwalimu wa zamani kutoka na meza kwa kuwa tu anamjua jina, siku kikipotea kitu ndiye atakayetafutwa. Nilikuwa na orodha yangu, nikampa Makamu alipotoka, akaigonga muhuri ikawa barua.

Ndani ya nyumba alikuwa ameshahamia mwalimu wa Hesabu, kijana, mpole, aliyeomba samahani kwa kila kitu pamoja na ambavyo havikumhusu. Kwa kuwa hakuwa na godoro, alikuwa amelilalia langu. Nilimwachia kwa bei ya makubaliano, kidogo sasa na kidogo mwisho wa mwezi, na akanilipa kwa simu bila kukumbushwa. Mtungi wa gesi ulikuwepo ila mtupu. Feni ilikuwa imeshafungwa darini na fundi wa shule, na hapo Makamu akasema kilichofungwa kwenye jengo ni cha jengo. Nikamwonyesha risiti ya Kariakoo yenye jina langu. Akaiangalia feni, akaiangalia risiti, akamwita fundi alete ngazi. Meza ikawa ngumu zaidi: mbao nilinunua mimi, ufundi ulikuwa wa seremala wa shule katika saa za shule. Niliiacha. Isitoshe ilikuwa haipiti mlangoni. Seremala aliiunganishia mlemle ndani.

Kuku sasa. Nilipoondoka walikuwa mitetea na jogoo mmoja. Niliporudi kulikuwa na kijiji. Mwalimu wa Hesabu alikuwa amewalisha pumba na makombo ya bwalo, amewatengenezea banda la mabati, na mitetea wawili walikuwa na vifaranga. Kwa mujibu wa orodha yangu, kuku ni wangu. Kwa mujibu wa jasho, vifaranga ni wake. Dereva wa kirikuu, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema mtoto hufuata mama. Ikabidi aitwe Babu kutoka getini, maana kwao Iringa alishakaa baraza la wazee, akasikiliza pande zote kwa uzito kama wa kesi ya shamba. Akaamua: mitetea isiyo na watoto na jogoo waende na Madam, wenye vifaranga wabaki, kwa kuwa wakisafirishwa vifaranga watakufa njiani na mtetea ataacha kulea, na wakikua, Ticha atamtumia Madam nauli ya kuku wawili. Nauli hiyo ilitumwa mwaka uliofuata. Ninaitaja kwa sababu ndiyo hukumu pekee katika mchakato mzima ambayo pande zote ziliiheshimu bila barua.

Malipo ya mwisho yalikuja yamekatwa siku za notisi, kama tulivyoandikiana, na yameongezwa likizo ambayo sikuichukua. Cheti cha utumishi hakikuja. Hiki wengi hawakidai kwa sababu wanakichanganya na barua ya sifa. Barua ya sifa mwajiri huitoa akipenda; cheti cha utumishi ni lazima kwa kifungu cha 44, hakihitaji akusifu, kinaeleza tu kwamba ulikuwepo. Nilikipata baada ya kuandika tena, safari hii kwenye mstari wa Nakala nikiitaja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko kufungua shauri ni bure, unajaza Fomu Na. 1, na kwa madai yasiyo ya kuachishwa kazi una siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Sikufika huko. Mwenzangu wa Jiografia alifika, kudai mshahara wake, na anasema msuluhishi alitumia muda mrefu zaidi kuwasalimia kuliko kuwasuluhisha. Mwenye shule alipoona karatasi ya wito alikuja na pesa.

Juzi kanipigia yule kijana wa Hesabu. Naye majina yametoka na jina lake limo, kapangiwa Handeni. Nikaanza kumpa somo zima: kifungu cha 41, barua ya pili, Nakala upande wa kushoto, namba za vyeti. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Asante Madam. Ila mimi orijino ziko kwa mama, Singida."

"Ulimwambiaje Mkurugenzi siku ya kuajiriwa?"

"Nilimwambia chuo hakijatoa. Kila mwaka ananiuliza, namwambia bado wanachapa."